Msitu wa asili wa kijiji: muukabidhi kwa TANAPA, kwa TFS, au mbaki nao wenyewe?

Mwezi wa sita tulikaa mkutano mkuu wa kijiji chini ya mringaringa, ajenda ikiwa moja tu: kile kipande cha msitu cha bondeni, penye chanzo cha mfongo wetu, mfereji wa maji wa kijiji. Mgeni kutoka mjini alikuwa ameleta barua ya kuomba eneo la kujenga loji. Vyumba 12 tu, akasema, na hakuna mti utakaoguswa. Mzee mmoja akasimama, akavua kofia, akamuuliza choo kitakuwa upande gani wa maji. Watu walicheka mpaka mwenyekiti akashindwa kuendelea. Mgeni akaondoka bila jibu. Lakini sisi tuliobaki hatukuwa na jibu pia, maana akija kesho mwingine mwenye barua nzito kuliko ile, tutamwonyesha karatasi gani?

Nilipewa kazi ya kuzunguka maofisini, Moshi na Arusha, kuuliza njia zilizopo: kuukabidhi kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au kwa TFS, wakala wa misitu, au kubaki nao wenyewe. Nimekuta vijiji vingine vya Kibosho, vya Old Moshi na hata vya upande wa Meru vinauliza hivyo hivyo, kwa hiyo naandika nilichokipata. Upendeleo wangu niutaje mapema: mimi ni mtu wa kihamba, shamba la migomba la nyumbani, nimekunywa maji ya mfongo tangu utotoni, na kila ninaposikia neno "mwekezaji" mkono unakwenda wenyewe kwenye mfuko wa pesa.

Jambo la kwanza, kabla ya kulinganisha chochote, jueni msitu umekaa kwenye ardhi ya aina gani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinatambua ardhi ya jumla, ardhi ya kijiji na ardhi ya hifadhi. Wengi hudhani msitu ni wa kijiji kwa sababu babu zao walichinja mbuzi humo, kumbe umo kwenye Gazeti la Serikali tangu enzi za Mwingereza. Msitu wa Kilimanjaro ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1921. Kama wenu umo ndani ya mpaka ule, hamna cha kuchagua, mna cha kujadiliana tu. Kama ni mabaki ya bondeni kandokando ya mto, chini ya mpaka, hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Karatasi ipi ni ngumu kuchana

Hifadhi ya taifa ndiyo karatasi nzito kuliko zote. Hutangazwa na Rais kwa ridhaa ya Bunge, kwa hiyo mtu hawezi kuimega kwa barua ya wilayani. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, KINAPA kama tunavyoiita, ilianzishwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Kwa miaka mingi ilianzia kama mita 2,700 kwenda juu, yaani sehemu kubwa ya msitu wenyewe ilikuwa nje yake, mikononi mwa idara ya misitu. Mwaka 2005 mkanda wa msitu ukaingizwa ndani. Msitu mkubwa wa Mlima Meru nao uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Arusha katika miaka hiyo hiyo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo sikuambiwa na mtu, nililigundua mwenyewe nikisoma jioni. Hifadhi ya taifa humzuia mpasua mbao. Mwenye hoteli haimzuii, humpangia tu mahali. Utalii ndiyo kazi yake halali, na utalii una barabara, kambi na loji. Mwaka 2019 serikali ilisema inafikiria gari la waya la kupandisha watalii Kilimanjaro. Wapagazi na waongozaji wa Moshi walipiga kelele, nami nilikuwa upande wao, lakini tazama: ubishi ulikuwa juu ya ajira na mazingira. Hadhi ya hifadhi yenyewe haikutosha kulifunga lile wazo. Kwa hiyo kama hofu yenu ni msumeno, TANAPA ni ukuta. Kama hofu yenu ni loji, ukuta huo una mlango, na ufunguo hamtakuwa nao ninyi.

Chini yake iko misitu ya hifadhi ya serikali kuu, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hapa neno "hifadhi" limewapotosha wengi. Chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, msitu wa hifadhi unaweza kuwa wa kulinda au wa kuvuna. Yale mashamba ya misonobari na mikipresi ya West Kilimanjaro nayo yamo kwenye ardhi ya hifadhi ya misitu, na sehemu yake ilikuwa msitu wa asili kabla ya kupandwa miti ya mistari. Ukisikia ofisa anasema "tutauhifadhi", muulize: kwa ajili ya nini? Mnachotaka ninyi kinaitwa hifadhi ya mazingira asilia. Hiyo ndiyo daraja ya juu kabisa katika sheria ya misitu, na humo hakuna kuvuna mti. Amani kule Muheza ilikuwa ya kwanza, mwaka 1997. Kwetu mkoani ipo Chome, milima ya Upare, wilaya ya Same.

Halafu kuna msitu wa hifadhi wa kijiji. Unatengwa na kijiji chenyewe, mkutano mkuu ukiridhia, na ukishausimamia vizuri kwa miaka 3 mnaweza kuomba utangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Karatasi hii wengi huidharau, nami niliidharau mpaka nikasoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Rais anaweza kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma, hilo halina ubishi. Lakini eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, mkutano hutoa maoni tu na Waziri ndiye anayeamua. Yaani kipande chetu cha bondeni, ambacho hakifiki hata hekta 20, kwa sheria kina ulinzi wa sauti ambao msitu wa hekta 1,000 hauna. Udogo umetufaa, kwa mara moja.

Udhaifu wake uko ndani. Karatasi ya kijiji huchanwa na kijiji chenyewe: mwenyekiti aliyeahidiwa pikipiki, mkutano wa watu 30 ulioandikwa kuwa wa watu 300. Nimeshuhudia muhtasari wa kikao chenye sahihi za marehemu wawili, na sitasema ni wapi.

Wameru wanalijua somo la karatasi kuliko sisi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu kama 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili ardhi iende kwa walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama Umoja wa Mataifa kuwasemea. Dunia ilimsikiliza na ardhi haikurudi wakati ule. Ndiyo maana ukienda Meru leo na ramani mkononi, hata kama ni ya kuhifadhi, utaulizwa maswali kwanza na chai baadaye.

Nani anaamka msumeno ukilia

Mkulo, ule mti wa kafuri, ndio ulioliza mlima huu. Mbao zake hazishikwi na mchwa kirahisi na zina harufu ambayo fundi hasahau. Ukikatwa haurudi kama mgrivelea wa kihambani. Huchipua zaidi kutoka kwenye mizizi kuliko kwenye mbegu, na kabla chipukizi halijajiweka, miti ya kukua haraka imeshaziba mwanga. Mwaka 2001 wataalamu waliruka na ndege juu ya msitu wa Kilimanjaro wakihesabu uharibifu. Walikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa, mikulo mingi ikiwamo, pamoja na matanuri ya mkaa na mashamba katikati ya msitu. Yote hayo ndani ya eneo lililokuwa hifadhi kwa miaka 80, na ambamo ukataji wa miti ya asili ulikuwa marufuku. Karatasi ilikuwepo. Usiku haukuwa na mtu.

KINAPA walipouchukua msitu wakaleta askari wenye silaha, na mashimo ya kupasulia mbao yakapungua, hilo hata wasiowapenda wanakubali. Lakini mlima ni mpana. Oktoba 2020 moto ulianzia Whona, kwenye njia ya Mandara kwenda Horombo, ukateketeza kilomita za mraba 95.5. Askari peke yao hawakuuweza. Wananchi walipanda na matawi mabichi mikononi, na wanafunzi, na wapagazi. Kwa hiyo hata karatasi nzito kuliko zote iliokolewa na majirani.

Hapo ndipo usimamizi wa pamoja unapoonekana mtamu. Msitu unabaki wa serikali, kijiji kinasaini makubaliano na TFS, kamati ya maliasili ya kijiji inafanya doria, na pande mbili zinagawana majukumu na mapato. Kwenye makaratasi ni ndoa nzuri. Shida ni kwamba msitu wa vyanzo vya maji hauvunwi, basi mapato ya kugawana ni faini na ada ndogo ndogo, na kwa miaka mingi hata mgawo wa hicho kidogo haukuwa wazi. Kijiji kinatoa vijana wa doria bila posho, buti hakuna, tochi ya kuazima. Mwaka wa kwanza wanakwenda kila wiki. Mwaka wa tatu wanakwenda ofisa anapokuja. Siwalaumu vijana hata kidogo. Mkichagua njia hii, kifungu cha posho na vifaa kiwe ukurasa wa kwanza wa makubaliano, na msisaini chochote kinachosema "itajadiliwa baadaye".

Msitu wa kijiji ndio wenye walinzi wa karibu kuliko wote, kwa sababu mlinzi ni yule anayekunywa yale maji. Mfano ninaoupenda uko Babati, enzi hizo ikiwa bado mkoa wa Arusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba, kama hekta 9,000, kuwa hifadhi yake. Vijiji 8 vinavyouzunguka vikakataa, vikaomba viachiwe kila kimoja kipande chake, vikatunga sheria ndogo na kuweka walinzi wao. Serikali ikakubali, na ule ukawa mmoja wa misitu ya mwanzo kabisa nchini kusimamiwa na vijiji vyenyewe. Lakini niseme kweli, Duru-Haitemba ni miombo. Mti wa miombo ukiupumzisha hurudi. Mkulo wa miaka 200 au mvule wa bondeni kosa moja tu linatosha, kwa hiyo kamati inayojifunza kwa kukosea haina nafasi ya kutosha hapa kwetu.

Majani, kuni na nusu maili

Hili linastahili sehemu yake, maana ndilo wageni wasilolielewa. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa upana wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu wa Kilimanjaro, ili wananchi wapate kuni, majani ya ng'ombe na mbao bila kuingia msitu wenyewe. Mpaka leo wazee wanauita nusu maili. Mwaka 2005 ukanda huo nao ukaingia hifadhini.

Ng'ombe wa Mchaga hatoki bandani, anatafutiwa. Anayemtafutia ni mama. Kabla ya 2005 mama alipanda alfajiri na mundu, akashuka na mzigo wa majani. Baada ya hapo majani yale yale yakawa kosa. Wengine wananunua mabua ya mahindi yanayopandishwa kutoka tambarare, wasio na pesa wanaingia kwa kujificha. Mimi sibishani na sababu ya kuufunga ule ukanda, maana ulikuwa umechoka kweli. Ninachosema ni kwamba mama huyu ndiye aliyekuwa anaona kila kitu. Ndiye aliyejua gogo gani limeanguka lenyewe na lipi limeangushwa, na nyayo za punda zimetokea wapi. Ukishamfanya mwizi, akikutana na mwizi mwenzake wa mbao hapo porini, kila mmoja anatazama pembeni. Hifadhi imepoteza jicho moja bora kuliko ndege.

Kwa kipimo hiki msitu wa kijiji unashinda kwa mbali. Sheria ndogo zinaweza kusema: majani na kuni zilizoanguka, siku mbili kwa wiki, bila panga. Usimamizi wa pamoja unaweza kuruhusu hayo pia, yakiandikwa. Hifadhi ya mazingira asilia ina mkono mgumu zaidi, na hifadhi ya taifa ndiyo ngumu kuliko zote.

Pesa, kwa kifupi

Mapato ya msitu wa kijiji ni ya kijiji. Sifuri yote ni yenu, aliniambia ofisa mmoja akicheka, na hakukosea, maana msitu wa asili usiokatwa hauuzi mbao. Kuna mizinga ya nyuki, na kuna utalii mdogo wa kutembea kama ule wa msitu wa Rau hapa Moshi, watu wanakwenda na baiskeli kutazama mivule na msoo, mti adimu usioonekana sehemu nyingi duniani. Kuna pia hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kuacha msitu usimame. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata hati ya kimila ya pamoja ya ardhi yao mwaka 2011, na wanauza hewa ya ukaa ya msitu wao. Mtu akija kuwaahidi hilo kwa hekta 20, mpeni chai na mumsindikize. Gharama za kupima na kuthibitisha zitameza kila kitu, biashara ile inataka maeneo mapana.

Ile hati ya kimila, kwa njia, inawafaa pia wenye msitu wa ukoo, ule wa matambiko wenye masale pembeni. Ikatwe kwa jina la ukoo, isikatwe kwa jina la mtu mmoja, maana mtu mmoja ana watoto na watoto wana madeni.

Mimi ningechagua hivi

Kwa msitu mkubwa wa mlimani, wa Kilimanjaro au Meru, ubaki TANAPA. Kuna korongo huko lenye mkukusu wa mita 81.5, mti mrefu kuliko wote waliowahi kupimwa Afrika, taarifa yake ilitoka 2016. Ulipona kwa sababu korongo lilikuwa baya kwa wapasuaji. Miti ya namna hiyo, ya miaka mia kadhaa, inataka karatasi inayopita Bungeni. Nguvu za vijiji zielekezwe kwenye kudai utaratibu wa majani wa nusu maili.

Kwa misitu ya tambarare iliyo mikononi mwa TFS, ya aina ya Rau, ambako mji unasogea na mashamba ya mpunga yanasogea, ningedai vitu viwili kwa pamoja: hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia na makubaliano ya usimamizi wa pamoja yenye posho. Kimoja bila kingine ni mguu mmoja. Na mtu asiniambie hadhi peke yake inatosha karibu na mji. Karura ya Nairobi ilikuwa hifadhi tangu 1932, na bado vipande vyake viligawiwa watu binafsi mpaka mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake wakaenda kupanda miche pale, mwaka 1999, wakapigwa mpaka damu. Msitu umebaki kwa sababu walikwenda.

Kwa kipande cha bondeni kama chetu, msitu wa hifadhi wa kijiji, bila kusita sana. Msikimbilie kumkabidhi mtu wa mbali kitu mnachokiona kutoka dirishani. Mfuate utaratibu wote: afisa misitu wa wilaya aje na GPS, msitu uingizwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, sheria ndogo zipite baraza la madiwani, na baada ya miaka 3 muombe Gazeti la Serikali. Wakati mnasubiri mna silaha ya bure, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya binadamu. Sisi tulipima kwa kamba ya katani kuanzia jichoni mwa chemchemi. Karibu nusu ya eneo aliloliomba mgeni wetu ikaangukia ndani ya mita 60, na choo chake pamoja.

Mgeni ameandika tena, safari hii anaomba ekari tatu upande wa juu. Mkutano ni Jumapili baada ya ibada. Karatasi ya mahudhurio itakuwa na namba za simu, na itasomwa mbele ya watu kabla ya kura ili marehemu wapumzike. Rasimu ya sheria ndogo tumempa yule mzee wa swali la choo aisome. Anasoma polepole, neno kwa neno, na akimaliza hakuna atakayedai hakusikia.